Mgonjwa wa Rungwa

Jumatatu, 2 Juni

Sampuli kumi na tisa kabla ya chai. Nyingi malaria, mbili za wajawazito, makohozi ya mzee mmoja wa Kitaraka. Baridi. Vidole vizito kushika vioo.

Saa saba wenzangu walipokwenda kula nilifunga mlango wa maabara nikapima ya ishirini. Yangu.

Povu la mkojo halikutulia hata baada ya dakika kumi. Nilichovya kijiti, nikaangalia saa. Protini plasi tatu. Mwezi uliopita ilikuwa mbili. Januari ilikuwa alama hafifu tu, ya kujidanganya nayo.

Nikazungusha mkojo kwenye mashine, nikaweka tone la mashapo chini ya hadubini. Chembe nyeupe. Nyingi kuliko inavyotakiwa. Nikatafuta bakteria, maana chembe nyeupe zikijaa hivyo kwenye mkojo kwa kawaida zimefuata bakteria. Nikazunguka kioo chote. Hakuna hata mmoja. Walinzi wamejaa na adui haonekani. Sikupenda.

Kwenye rejista nikaandika kama ninavyoandika kila mwezi: Damasi Yohana, mkulima, miaka 48, Rungwa.

Mtu huyu hayupo. Nilimtunga Januari. Kila kipimo lazima kiwe na jina la mtu, na sikutaka liwe langu. Rungwa niliichagua kwa umbali. Kutoka hapa Itigi ni siku nzima ya vumbi na mbung'o. Nani atakwenda kumtafuta mtu Rungwa?

Sukari ninayo mwaka wa saba sasa. Joyce, mke wangu, anajua. Kazini hajui mtu. Hili la figo hajui yeyote. Kaka yangu Zakaria alikufa kwa figo. Miezi yake ya mwisho watu waliingia chumbani kwake wakiongea kwa sauti ya msibani, naye yupo, anasikia. Sitaki kuangaliwa vile.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao cha asubuhi. Daktari Salma alisimama mbele ya ubao. Ameletwa kwetu Aprili, hajafika miaka thelathini na mbili, na ana haraka. Anataka kila Jumanne iwe kliniki ya sukari.

Alichora figo, ndani yake vichujio, vidogo vidogo. Akasema watu wengi wanadhani sukari peke yake ndiyo inayoua figo. Sukari inaanzisha. Inachubua vichujio. Kichujio kikichubuka kinaita msaada, na chembe nyeupe zinakuja, zilezile zinazotuponya kidonda cha mguu. Zinavimbisha, zinamwaga kemikali zao, zinaita nyingine. Kidonda cha kawaida kinapona, nazo zinaondoka. Hiki hakiponi kwa sababu sukari bado ipo. Basi haziondoki. Akaandika neno makrofaji, akalizungushia duara mara mbili. Hizo ndizo kubwa, zinazomeza. Zikikaa muda mrefu zinaleta kovu. Akafunika nusu ya mchoro wake kwa chaki.

"Kovu halichuji," alisema.

Nimezihesabu chembe hizo miaka ishirini na mbili. Zimenilisha. Nilidhani ziko upande wetu.

Mwishoni akasema jambo jingine. Mgonjwa wa sukari asimeze ovyo dawa za maumivu, diklofenaki na wenzake, zinaikata figo. Nilikuwa nazo nne kwenye mfuko wa koti. Za goti. Nimekuwa nikizimeza tangu mwaka juzi, siku mbaya mbili, siku nzuri moja.

Nimezitupa chooni.

Ijumaa, 6 Juni

Ameipata.

Amepitia rejista yangu mwanzo hadi mwisho kutafuta watu wa kliniki yake. Alikuja nayo maabara, kidole kimekaa kwenye mstari.

"Shikamoo, Mzee Mkumbo. Huyu Damasi wa Rungwa ni nani?"

Nilimjibu kuwa ni mkulima, anakuja na lori la asali na kuondoka nalo. Maneno yalitoka mepesi. Sikujua kama najua kudanganya hivyo.

Alisema amepimwa mara sita tangu Januari, kila mara hali mbaya kuliko iliyopita, na hakuna daktari aliyewahi kumwona. Hana faili. Hana dawa. Akauliza nilimwambia nini nilipompa majibu.

Nikasema nilimwambia akamwone daktari.

"Hakuja," alisema. "Huyu mtu figo zinaliwa na hajui. Lazima apatikane."

Alipotoka nilikaa juu ya kreti la chupa. Nilichosikia ni neno moja tu. Zinaliwa.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Sikusikiliza.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi soksi ziliacha alama kwenye miguu, na kidole kikiminya shimo linabaki. Nimeminya mara nyingi leo. Kila mara linabaki.

Joyce aliuliza kwa nini navaa kandambili kwenda kazini. Nikasema viatu vimechakaa. Akavichukua, akavigeuza, akatazama soli. Hazijachakaa. Akavirudisha mlangoni. Ni mwalimu wa darasa la tatu, amezoea kuongopewa na watu wa kimo kidogo.

Daktari Salma amempigia mhudumu wa afya wa kule Rungwa, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Amempa jina. Natulia kwa sababu hatampata. Hawezi kumpata mtu ambaye hayupo. Watasema amehama, basi, yaishe.

Ijumaa, 13 Juni

Wamempata.

Naandika tena nione kama ni kweli. Wamempata Damasi.

Kule yuko mmoja, mfuga nyuki, umri ni huohuo. Anaitwa Damasi Yona. Mhudumu akasema ni huyuhuyu, herufi zimekosewa. Yule baba alikataa. Alisema hajawahi kupima mkojo Itigi. Lakini ni kweli alikuja Itigi na lori la asali, Machi, watu walimwona. Basi wakamwambia anakataa kwa woga. Wamemweleza figo zake zinakufa. Wamemwambia aache asali, aache chumvi, asilime, amsubiri daktari.

Daktari Salma alinisimulia haya akiwa na furaha. Alinishika bega.

Ningesema palepale. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, vizuri, Daktari.

Mimi ni mtu mbaya. Sikuwa najijua hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Sikula. Joyce ameweka sahani, ameitoa.

Jumanne, 17 Juni

Gari la chanjo linakwenda Rungwa Ijumaa. Daktari atapanda, na mimi pia, pamoja na vijiti, mashine ya sukari ya kidoleni na kisanduku cha kubebea damu. Ndivyo alivyopanga. Alisema ni vizuri mgonjwa aone sura anayoifahamu.

Nimefikiria kuugua. Nikacheka mwenyewe maabara, wenzangu wakageuka kunitazama.

Mkojo wa leo asubuhi umepungua, na una rangi ya chai. Sikuupima. Najua kusoma bila kijiti.

Ijumaa, 20 Juni

Rungwa. Naandika nyumbani kwa mganga wa zahanati, wametupa vyumba viwili. Jua halijazama bado. Nataka nimalize kabla halijazama.

Tuliondoka Itigi alfajiri. Vichaka vya Itigi pande zote, vikavu, hakuna unachoona ila ukuta wa fito. Baadaye miti mirefu. Mbung'o waliingia garini, dereva Hamisi akawa anawapiga kwa kofia na kuendesha kwa mkono mmoja. Daktari Salma alisoma makaratasi ya Damasi njia nzima. Makaratasi yangu. Kila alipofunua ukurasa niligeukia dirisha.

Zahanatini kulikuwa na kina mama wa chanjo kwenye benchi. Pembeni, peke yake juu ya kiti, mwanaume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Mke wake amesimama nyuma yake. Watu walimwachia nafasi kubwa kuliko anayohitaji mtu mmoja. Nikamjua kabla sijaambiwa. Tayari walikuwa wanamwangalia vile walivyomwangalia Zakaria.

Alisimama akaniamkia. Sura yangu hakuifahamu, bila shaka. Mimi ya kwake pia. Daktari alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Niliona akitazama.

"Mtaalamu," alisema Damasi, "niambie ukweli. Nimeshagawa mizinga."

Mke wake ndiye aliyeeleza. Ana mizinga mia na kitu porini, ya urithi na ya kuchonga mwenyewe. Huu ndio msimu. Wenzake wote wako porini wanarina asali. Yeye tangu Ijumaa iliyopita amekaa ndani. Ameita wanawe watatu, amegawa mizinga, amewaonyesha mipaka ya shamba. Mingine nyegere wameshaila kwa sababu hakuna aliyekwenda. Hali chakula. Amekonda. Alipoambiwa figo zinakufa alianza kuhisi maumivu ya mgongo, na kweli yapo, usiku anaguna. Mdogo wake amekuja kutoka Mbeya kumuaga.

Nilimpa kikopo. Akaenda, akarudi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilichovya kijiti mbele yake. Nikasubiri. Kipande cha protini kilibaki njano. Njano safi. Nikachukua kijiti cha pili, nikarudia, kwa maana nilitaka kuwa na uhakika, au kwa maana nilitaka kuchelewesha. Njano. Nikamtoboa kidole. Sukari ya mtu aliyefunga kula, imekaa sawasawa. Hakuna povu. Hakuna kitu.

"Baba, huna ugonjwa," nilimwambia.

Alimtazama daktari. Daktari alichukua vijiti vyote viwili, akasogea navyo dirishani, akarudi akasema ni kweli. Akasema majina yamechanganywa, makosa ni yetu, anaomba radhi. Aliomba radhi yeye. Mimi nilikuwa nafunga kisanduku.

Mke aliketi chini sakafuni akalia kwa sauti. Damasi hakulia. Alikaa akitazama mikono yake muda mrefu.

"Sasa," alisema, "mimi nilikuwa nakufa kwa niaba ya nani?"



Baadaye alinifuata nje, akaniletea chupa ya asali, nyeusi, ya miombo. Shukrani kwa kumpima vizuri. Niliipokea. Nimempa Hamisi. Siwezi hata kuiangalia.

Jumamosi, 21 Juni

Imesemwa.

Gurudumu lilipasuka nusu ya njia. Hamisi akaingia uvunguni na jeki. Daktari Salma akaniambia tutembee kidogo. Tulitembea hadi gari likawa dogo. Ndege hawakulia, upepo haukuwepo, ni vumbi letu tu lililokuwa linashuka taratibu kwenye majani.

"Mzee Mkumbo, yule hujawahi kumwona maishani," alisema.

"Sijawahi."

"Mkojo wa kwenye rejista ni wa nani?"

Nikasema wangu.

Nilidhani atapiga kelele. Alinitazama miguu. Nilikuwa na kandambili. Akainama palepale barabarani, akaminya kifundo cha mguu wangu kwa kidole gumba, akahesabu kimyakimya, akaachia. Shimo likabaki. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamejaa, na alikuwa na hasira.

Alisema, "Yule baba amekaa wiki nzima anasubiri kifo chako."

Akauliza dawa za maumivu. Nikamwambia. Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akafumba macho.

Akasema Jumatatu atanitibu. Akasema pia Jumatatu nitampigia yule baba kwa mdomo wangu mwenyewe, na kwamba hatanisaidia kwa hilo. Tukarudi garini. Hadi Itigi hakuongea na mimi tena. Hamisi aliimba peke yake.

Jumapili, 22 Juni

Nilimwambia Joyce baada ya chai. Nilisema yote kwa mpigo, pamoja na Rungwa.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Zakaria alituambia," alisema. "Tukamuogesha, tukamlisha, tukajua lini tumuage. Wewe ulitaka mimi nikukute tayari."

Nilimweleza ile sababu ya kutotaka kuangaliwa. Akaweka ungo chini, akaniangalia. Aliniangalia kweli, muda mrefu, kwa hasira, kama mke anavyomwangalia mume aliye hai. Kisha akatoka uani. Nilimsikia akipasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Jumatatu, 23 Juni

Nimepimwa kwa jina langu. Mwenzangu alikosa mshipa kunitoa damu, nikamwelekeza.

Kipimo cha damu cha figo kimepanda sana. Kimepanda haraka. Daktari Salma alipanga majibu saba mezani, Januari mpaka leo, akayatazama kama mtu anayetazama moto unaokuja upande wa nyumba. Alisema kwa sukari peke yake figo huwa zinakwenda pole pole, miaka. Hizi zangu zinakimbia. Anataka Dodoma waangalie ndani. Ameniandikia dawa ya presha inayolinda vichujio. Nimeanza leo.

Nimeandika barua kwa mkuu wa kituo, nimeeleza nilichofanya. Nimeitia sahihi. Nimeondolewa kwenye rejista mpaka watakapoamua. Sikubisha.

Halafu simu. Niliipiga nikiwa nimesimama nyuma ya stoo. Damasi alipokea, nyuma yake nyuki au upepo, sijui. Nilimwambia hakukuwa na makosa ya majina. Nilimwambia nilimtunga mtu ili nijifiche, na akatokea kuwa yeye.



"Kwa hiyo unaumwa wewe?"

"Ndiyo."

"Pole," alisema. Kisha akasema, "Usinipigie tena."

Sitampigia.

Alhamisi, 26 Juni

Usoni nimevimba. Macho yamekuwa madogo. Kioo cha choo cha wafanyakazi kimenionyesha Zakaria, nikatoka haraka.

Hakuna maumivu popote. Hilo ndilo linanitisha. Mtu anayevunjiwa nyumba angesikia kelele.

Jumatano, 2 Julai

Dodoma, hospitali ya rufaa. Tumekuja kwa basi, mimi na Joyce. Ameomba ruhusa shuleni bila kuniuliza.

Daktari wa figo ni mzee, mpole, hana maneno mengi. Amesema watachukua kipande. Nililala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Wakapaka dawa ya baridi, wakaweka kifaa cha kupiga picha za ndani mgongoni. Ganzi. Niliambiwa nivute pumzi niishikilie. Mlio mmoja mfupi, kama stepla. Kisha wa pili.

Nilikiona kipande kikipita ndani ya chupa. Chembamba, cheupe kidogo, kama uzi uliokatwa kwenye pindo. Miaka yote nimepokea vipande vya watu mlangoni nikavibandika namba. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu amebaki kitandani.

Kulala chali kwa muda wa saa sita bila kujigeuza. Joyce alikuwa anakagua mkojo wangu kila nilipotoa, kama una damu. Aliinua kikopo kwenye mwanga. Mara ya tatu alisema, bila kunitazama, kwamba bado ana hasira. Nikasema najua. Akanifunika miguu.

Jumapili, 13 Julai

Majibu bado. Kila gari likisimama njiani nadhani ni la kuniletea habari, wakati nitaitwa kwa simu tu.

Watu wa mtaani wameshajua. Jirani alikuja kunisalimia, akashusha sauti mlangoni. Joyce alimwambia aongee kama kawaida au arudi kwake. Jirani akaongea kama kawaida. Alikuwa na habari ya mbuzi wake aliyepotea.

Ijumaa, 25 Julai

Dodoma tena. Tumerudi jioni hii, mimi na Joyce. Nataka kuandika nikiwa bado nakumbuka.

Daktari wa figo alijua kazi yangu. Akageuza skrini ya kompyuta upande wangu. Alisema, "Wewe soma mwenyewe kwanza."

Picha ya kipande changu, kimepakwa rangi. Niliona vichujio. Vingine vimebaki na umbo. Vingine vimekuwa mabonge ya waridi, magumu, hayana tundu. Hilo nililitarajia. Hiyo ni sukari. Kisha akasogeza picha pembeni, kwenye nafasi kati ya mirija, mahali panapotakiwa kuwa wazi.

Palijaa madoa ya zambarau. Makundi kwa makundi. Chembe nyeupe, nilizijua mara moja, bila kuambiwa. Kubwa zinazomeza zilikuwepo. Ndogo za duara zilikuwepo. Zimejipanga kuzunguka mirija, nyingine zimeshaingia ndani ya kuta zake. Na zilikopita, nyuzi za kovu.

Nilisogea karibu na skrini. Nilianza kuzihesabu. Sikuweza kujizuia. Joyce alinishika mkono nikaacha.

Nilimuuliza ni nani aliyeziita. Akasema wawili. Sukari iliziita kwa miaka saba, pole pole. Diklofenaki iliziita kwa fujo, na ndiyo maana majibu yalikuwa yanakimbia. Kama ningeendelea kumeza mpaka Desemba, asingekuwa na picha ya kunionyesha, angekuwa na ratiba ya mashine ya kusafisha damu. Nilipozitupa zile nne chooni, alisema, ndipo nilipoanza kutibiwa. Sikuwa na ushujaa siku ile. Nilikuwa naogopa tu. Sikumwambia.

Ameongeza dawa mbili. Moja ya kutuliza hizo chembe, kwa muda, na hiyo itapandisha sukari, kwa hiyo nachoma insulini mpaka tuimalize. Nyingine inaifukuza sukari itoke kwa mkojo, na inaipa figo nafuu. Nilimuuliza kama chembe zitaondoka. Akasema nyingine zitaondoka. Nyingine hatujui.

"Na kovu?"

Alitikisa kichwa. Kovu ni kovu.

Sehemu ya figo iliyobaki ndiyo niliyonayo. Alionyesha kwa kidole kwenye skrini. Haikufika nusu.

Njiani Joyce alilala begani kwangu kuanzia Bahi mpaka Manyoni. Sikusogea, bega likafa ganzi.

Jumatatu, 4 Agosti

Barua imetoka. Onyo kali, na miezi sita bila kugusa rejista. Ninaosha vioo, nachanganya rangi, napanga vijiti. Kazi ya mwanafunzi. Ninaifanya vizuri.

Daktari Salma alipita mlangoni. Aliniamkia. Tangu Juni alikuwa anapita bila kuamkia. Niliitikia marahaba.

Insulini tumboni asubuhi na jioni. Njaa ya ajabu, ya zile dawa. Nahisi hasira bila sababu. Joyce anasema sababu zipo, nichague tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Ngoma uwanjani. Sikwenda.

Mguu wa kulia umepungua. Wa kushoto haujapungua. Nimeuliza wenzangu wa kazi kama hilo lina maana yoyote. Hawajui. Mimi pia sijui. Nimezoea kazi ambayo jibu linaonekana kwenye kioo.

Jumanne, 12 Agosti

Kliniki ya sukari. Nimekwenda kama mgonjwa, na kadi mkononi.

Benchi lilikuwa limejaa mpaka kwenye ngazi. Wengi nawajua, nimewahi kuwatoa damu. Walisalimia wakidhani nimekuja kumwita mtu. Mama mmoja akanyoosha mkono kabisa, tayari kutobolewa. Nikamwambia leo hapana, leo na mimi nasubiri.

Bibi mmoja wa Kinyaturu, mzee sana, kidole kimoja cha mguu hana, akauliza kama na mimi ni sukari. Nikasema sukari, na figo. Akatazama uso wangu kama anayetafuta bei ya kitu, akaridhika.

"Kaa basi," alisema, akasogea, na wenzake wote wakasogea, benchi zima, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja mwishoni.

Kipimo cha damu cha figo hakijapanda. Hakijashuka pia. Daktari Salma aliandika tarehe ya kurudi, akanipa kadi, akaita anayefuata.

Nimerudi kwa miguu. Upepo wa mwezi huu unapiga mabati toka asubuhi. Joyce alikuwa uani anapura alizeti, vichwa vyake vimekauka vizuri. Nikavuta kigoda, nikachukua fimbo ya pili.

Tulipura mpaka mbegu zikaisha.